Udongo wa Dorika

Mume wake alipofariki, Dorika alibaki Maisaka katika nyumba ya mama mkwe wake, Bernadina. Shamba la mumewe kule Singe shemeji yake Paskasi alilichukua kabla hata matanga hayajaisha. Dorika akaonyeshwa kipande cha nyuma ya jiko, pale mafundi walipomwaga kifusi miaka ile nyumba inajengwa.

"Lima hapo," Paskasi alimwambia. "Hatukukatazi."

Jembe liligonga mawe na vipande vya tofali. Dorika akayaokota, akachimba shimo, akaanza kutupia humo maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai na mabua ya mahindi. Ugali hakuutia, kwa sababu ya panya. Alifunika kwa nyasi kavu, akamwagia maji, na kila baada ya wiki mbili aligeuza rundo. Likifuka mvuke asubuhi, alijua linaiva.

Bernadina hakupenda. "Mama Evangelina, unatuletea nzi! Watu wanatupa uchafu, wewe unaulea."

"Samahani, mama. Nitaongeza nyasi."

Mwaka wa nne, udongo ulikuwa mweusi na laini. Ukiingiza mkono, unazama hadi kwenye kifundo. Spinachi ikashamiri, na Bernadina, aliyelalamikia nzi, akawa anawachumia wageni wake bila kuuliza. Dorika alifurahi. Alidhani sasa amekubalika.

Jumapili moja baada ya ibada Paskasi alikuja na fundi na kamba ya kupimia. Walisimama katikati ya matuta.

"Nataka kujenga vyumba vya kupangisha," alisema. "Hii ni ardhi ya baba yetu, shemeji. Unalijua hilo."

Dorika hakubishana kuhusu ardhi. Aliomba kitu kimoja. "Nipe siku tatu nihamishe udongo. Nitaujaza kwenye viroba, niuweke kando ya ukuta."

Paskasi akamtazama mama yake. Bernadina alikuwa kwenye kiti chake, mkononi ana kikombe cha chai.

"Huo udongo ulitoka nao kwenu?" aliuliza. "Uliukuta hapa. Uache hapa."

Dorika alitaka kusema alichokikuta kilikuwa kifusi. Badala yake aliingia ndani akakaa kitandani, viatu bado viko miguuni.

Siku ya pili vibarua walichimba msingi. Udongo mweusi walioutoa haukufaa kujengea, wakaupakia kwenye trekta na kwenda kuumwaga korongoni, mahali watu wanapotupa chupa na mifuko ya plastiki. Hakuna aliyeutaka. Hilo ndilo lililomuuma Dorika kuliko kunyang'anywa.

Jioni alichukua kiroba na beleshi, akaenda huko na binti yake. Walijaza nusu tu. Kila beleshi lilikuja na vioo, na Evangelina akajikata kidole.

"Mama, twende," alisema mtoto, akinyonya damu.

Walikiacha kiroba palepale. Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, maji ya korongo yakaondoka na kila kitu.

Vyumba viliisha kabla ya Pasaka. Bernadina sasa humtuma Dorika sokoni kununua spinachi, na ikiwa imenyauka, humgombeza kwamba hajui kuchagua.