Mfereji wa Bi Stahiki na Hati ya Mpango

Katika nchi ya Mlolongo, ambayo wasafiri huiingia kwa furaha na kuiacha kwa kizunguzungu, hapakuwa na mja aliyenyimwa haki. Kila mja aliambiwa haki yake i njiani. Mahakama kuu ilikuwa mjini Subirini, na sheria yake ya kwanza ndiyo hii: daawa haisikilizwi mpaka mdai na mdaiwa wakutane ana kwa ana, waandike Hati ya Mpango, waafikiane nani atasema kwanza na mashahidi ni wangapi, kisha waiwasilishe siku saba kabla ya kikao cha kupanga siku ya kusikilizwa. Wenyeji waliitukuza sheria hiyo. Mimi, nikiri mapema, niliisoma mara nne nikaambulia kuumwa kichwa.

Bi Stahiki, mjane mwenye shamba la mpunga, alimshtaki jirani yake Bwana Kaidi kwa kuuziba mfereji wa maji kwa magogo. Mpunga ulikuwa unachanua, na kama ungekauka wanawe wangeshinda na njaa mwaka mzima.

Hati ya kwanza ilikataliwa na Karani Nakala kwa kuwa pambizo yake haikutimia upana wa vidole viwili. Ya pili ilifika siku ya saba kabla ya kikao, na hapo wanazuoni wawili wa mahakama wakashikana mashati: siku ya kuwasilisha huhesabiwa, au haihesabiwi? Hakimu Ahirisho, baada ya tafakuri ndefu, aliamua kwamba huhesabiwa kwa mdai na haihesabiwi kwa mdaiwa. Lo! Hata aliyeshinda hakujua ameshinda nini.

Kwa kukutanishwa kila mara, Kaidi akalegea.

"Jirani yangu, naona haya," alisema mbele ya karani. "Nilidhani nimeshtakiwa kwa ajili ya mfereji, mbona kutwa naulizwa mambo ya karatasi? Kesho nayaondoa magogo."

"Thubutu!" akamaka Karani Nakala. "Kitu chenye mgogoro hakiguswi kabla ya kusikilizwa."

"Basi naifuta daawa yangu," akasema Bi Stahiki.

"Daawa hufutwa siku ya kusikilizwa."

"Nipe siku hiyo."

"Siku hupangiwa wenye kuhitilafiana, Bibi. Ninyi mmeshapatana."

Bi Stahiki alilia palepale, kwa hasira wala si kwa huzuni. Kisha akaenda zake, akachukua jembe; Kaidi akamfuata na shoka. Kufika adhuhuri maji yalikuwa yanapita. Nusu ya shamba ilikuwa imeshakauka, na iliyobaki ikanusurika.

Wakashtakiwa wote wawili kwa kuidharau mahakama. Ndipo Karani Nakala alipogundua, kijasho chembamba kikimtoka, kwamba katika daawa hii mdai ni mahakama yenyewe, na sheria haikumsamehe mdai yeyote. Majuma yakapita katika kubishana nani aende kukutana nao ana kwa ana. Mwishowe Hakimu Ahirisho mwenyewe alifunga safari kwenda kuwatafuta wadaiwa wake, akawakuta shambani, joho lake limelowa matope hadi magotini, hati mkononi, asijue aanze na salamu au na hukumu.

"Nawasihi," alisema, "nipangieni siku."

"Tutakupangia, Mheshimiwa," akajibu Bi Stahiki bila kuinua kichwa, "ila leo tunavuna."