Swali la Tatu kwa Mzee Masunga

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu Joyness, Jumapili iliyopita tukipukuchua maharage, siku ya pili tangu arudi kutoka Rujewa, kule bonde la Usangu.

Joyness ametengeneza programu ya simu ya kuagiza chanjo ya ng'ombe. Chupa moja inachanja ng'ombe mia, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Huku kwetu milimani mtu ana ng'ombe wawili, watatu. Basi kila mmoja anaandika idadi yake, simu inajumlisha majirani, wakifika mia mchanjaji anakuja. Ilitufaa. Wafadhili wakamwambia: ipeleke Usangu kwenye makundi makubwa. Wafugaji kumi wakiagiza, tunaendelea nawe. Wasipoagiza, basi.

Joyness akafikia kwa mzee Masunga, mfugaji Msukuma ambaye wenzake wanamsikiliza. Mzee akaandika jina, akaandika kijiji. Swali la tatu: Una ng'ombe wangapi? Akamrudishia simu.

"Baba, kuna tatizo?"

"Mwanangu, umelala kwangu, umekula kwangu. Sasa unanihesabia ng'ombe?"

Mkewe, mama Yunisi, akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mimi miaka thelathini sijamuuliza, wewe wa juzi!"

Hapo nikamkatiza Joyness. Kwa nini hasemi? Mimi wangu wawili nawataja hadi majina. Akasema naye aliuliza hivyohivyo. Mzee akamjibu kwamba kundi likitajwa idadi linapungua. "Halafu humo ndani ya simu, nani anasoma?"

Siku mbili Joyness akazunguka kaya kwa kaya. Wote waliishia kwenye swali lilelile. Siku ya tatu asubuhi akamfuata mzee zizini.

"Baba, mwaka jana chanjo uliagizaje?"

"Nilisema nataka chupa nne."

"Chupa nne si ni ng'ombe..."

"Chupa ni chupa," mzee akasema, akiangalia pembeni.

Basi Joyness akaamua kulifuta swali la tatu. Mimi nilidhani kufuta swali ni kama kufuta ubao. Kumbe programu nzima ilikuwa imeegemea idadi ile. Joyness aliibomoa na kuijenga upya tangu asubuhi ile hadi kesho yake mchana, ikawa inauliza tu: Unahitaji chupa ngapi?

Mzee akaandika nne. Akawapigia wenzake, akasema nao kwa Kisukuma, kisha akajinyoosha kwenye mkeka akasinzia. Simu ya Joyness ikaanza kulia kila agizo likiingia. La sita, la nane. Mama Yunisi akawa anahesabu kwa sauti, maana maagizo hayana mwiko. Alipofika kumi na moja akageuka amwambie Joyness.

Alikuwa ameegemea ukuta, kompyuta mapajani, amelala.