Kipande cha Kijani

Mitende ya ami yake ilikuwa imeanza kukauka, na Mabruka, mwalimu wa hesabu, hakuwa na silaha ila bikari na rangi. Siku ya mkutano wa maji alitandaza karatasi kubwa sakafuni, akachora duara. Takwimu zilikuwa za ofisi yenyewe ya maji: katika kila lita mia zilizovutwa ardhini, themanini zilikwenda kiwandani kuosha fosfeti, kumi na sita mjini, nne mitendeni. Kiwanda akakipaka nyekundu, mji njano. Mitende ikapata nyuzi kumi na nne tu, kijani.

Ami Tijani alichungulia, gilasi ya chai mkononi. "Hicho ndicho chetu?"

"Ndicho, ami."

"Hata mgeni niliyemchoka simkatii tikitimaji kidogo hivyo!"

Mabruka akacheka. "Ndiyo maana nimekichora. Wakikiona wataona haya."

Mkutanoni watu waliguna, wanawake wakapiga vigelegele. Mhandisi Lazhar, aliyetumwa na ofisi ya maji kutoka Tunis, aliitazama chati kwa makini.

"Kazi safi, mwalimu. Naomba niichukue."

Mabruka akampa kwa mikono miwili, moyo umemjaa.

Baada ya Ramadhani waliitwa tena. Chati yake ilikuwa ukutani, imechapwa vizuri kuliko alivyoichora.

"Mwalimu wenu ametufumbua macho," alisema Lazhar. "Mji unakua na una kiu. Sasa tazameni hiki cha kijani. Ni kidogo mno. Tukikiunganisha na njano, picha haibadiliki."

Mabruka alisimama. "Ni kidogo kwa sababu mmekila! Kateni kwenye nyekundu!"

"Mimi nimekikuta hivyo, dada. Na nyekundu ndiyo inayolisha nyumba zenu." Akatabasamu kwa upole. "Mumeo anafanya kazi wapi?"

Vichwa vikageuka nyuma. Ridha, mumewe, alikuwa safu ya nyuma, bado na sare ya kiwanda. Aliinamisha kichwa. Mabruka akakaa.

Pampu ya mashamba ilifungwa kabla ya joto kuanza. Mabruka aliandika malalamiko; hakuna aliyemjibu. Alipokwenda shambani alimkuta Ami Tijani juu ya mtende, amekata kilele chake na kutundika mtungi ukinge utomvu. Mtende ukigemwa vile, kwa kiu ile, hauponi tena.

"Ami, unaumaliza!"

"Umeshamalizwa, mwanangu. Mimi nakinga kilichobaki." Alishuka polepole, akammiminia kikombe. "Kunywa kabla hakijachacha."

"Ningekaa kimya, labda wasingetuona."

Mzee hakumbishia. Angembishia, pengine Mabruka angepata nafuu.

Mabruka alikunywa chote, kitamu, vuguvugu. Upande wa pili wa ua, jirani naye alikuwa ameegemeza ngazi kwenye mtende wake, panga kiunoni, anapanda.