Alizeti Chini ya Majua Mawili

"Ndoto?" nilimuuliza Witness. "Watu sita wamepotea kwenye sayari yenye majua mawili, maji yamebaki nusu dumu, halafu unaniambia kumbe nahodha alikuwa amelala kwake anaota?"

"Mama, huo ni mwisho wa kushtukiza."

"Ni mwisho wa uvivu. Umenitembeza kurasa kumi na nne. Nimemwogopea yule dada mpaka uji wangu umepoa. Sasa unaniambia hakuna aliyepotea?"

Tulikuwa tunapiga kelele kwa sababu mashine ya kukamua alizeti ilikuwa inanguruma katikati yetu. Witness ni mwanangu wa kwanza, ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Yeye alikuwa anamimina mbegu kwenye mdomo wa mashine, mimi nimeshika simu yake nasoma. Kuna wachapishaji wa Dodoma walitangaza kwamba wanataka hadithi za vijana, za anga na sayansi, kumi bora ziingie kwenye kitabu. Mwisho wa kupokea ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi kamili jioni. Nilipoangalia saa ilikuwa saa nane na nusu, na mwanangu alikuwa na hadithi nzuri yenye mkia mbovu.

"Wewe hupendi chochote," alisema. "Juzi ulikikataa kile kitabu cha mfalme wa majini."

"Napenda sana, ndiyo maana nakasirika! Tangu niko chuo cha kilimo nasoma hivi vitu, wenzangu wakisoma barua za wachumba. Yule mfalme alipigwa kitabu kizima, ukurasa wa mwisho akakumbuka ana pete ya kumaliza maadui wote. Alikuwa ameiweka wapi siku zote? Kwenye soksi?"

Bibi Magdalena, aliyeleta magunia sita ya kukamua, alikuwa amekaa juu ya gunia la mwisho. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na wanakula nini huko?" akauliza.

"Shikamoo bibi, umesema kweli!" nikamwambia, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Miezi minane angani, na hakuna aliyeulizia chakula."

"Wangu wanakula," Witness akasema kwa hasira. "Wamepanda alizeti. Ukurasa wa tisa. Hata hujasoma vizuri."

Nikarudi ukurasa wa tisa. Kweli walikuwa wamepanda. Wahamiaji wa kwanza waliacha shamba kubwa la alizeti, waliofuata wakaongeza miche mbele yake, na mwanangu alikuwa ameandika kwamba ulipoanza msimu wa mchana mrefu, jua moja likichomoza kabla lingine halijazama, alizeti zote zilichanganyikiwa. Vichwa vikawa vinageuka huku na huku hadi shingo zikavunjika. Nilisisimka. Halafu nikasimama.

"Nani alikudanganya kwamba alizeti iliyokomaa inageuka?"

"Si zinafuata jua?"

"Changa ndiyo zinafuata. Wewe umezaliwa hapa Iguguno, umelala juu ya magunia haya ukiwa mtoto, unaandika kama mtu aliyeziona kwenye kalenda!"

"Iliyokomaa imeshamaliza kuhangaika," bibi Magdalena akasema. "Inatazama mashariki, basi. Mimi nikiwa katikati ya shamba na mawingu yamefunga, naangalia vichwa, najua nyumbani ni wapi."

Witness aliacha kumimina. Debe likabaki hewani.

"Bibi, rudia."

"Nirudie nini? Naangalia vichwa."

"Mama!" Sasa ndiyo alipiga kelele hasa. "Kambi yao iko mashariki! Nimeandika ukurasa wa pili! Wamepotea kwa sababu majua ni mawili na hawajui lipi la asubuhi! Lakini lile shamba lilikomaa kabla mchana mrefu haujaanza!"

Nikapiga paja. "Kwa hiyo changa zinageukageuka zinawachanganya..."

"...na zile kubwa zimetulia zote zinatazama upande mmoja!"

"Andika! Acha hilo debe, andika!"

"Siwezi kufikiri na hii kelele."

Hapo kulikuwa na shida. Mashine ukiizima ghafla ina mbegu ndani, mashudu yanaganda kwenye shafti, na kuyakwangua ni kazi ya saa nzima. Na mbegu hazikuwa zangu. Nikamtazama bibi Magdalena.

"Zima," akasema. "Nataka kujua kama watafika."

Nikazima. Tukakaa chini mimi na bibi kwenye sakafu yenye mafuta, mimi nikiandika kwa sababu vidole vyangu vina kasi, Witness akitembea huku na huku anasema, bibi akidakia. Ndoto tuliifuta yote. Nahodha akawa anafuata zile alizeti changa, anazunguka shamba, maji yanakwisha. Bibi Magdalena akataka mtu mmoja azimie, tukamzimisha fundi. Saa tisa na dakika hamsini na mbili Witness akafika mahali nilipokuwa napahofia tangu mwanzo.

"Hapo fisi akacheka, akasema..."

"Fisi hapana." Nikaacha kuandika. Ndani ya chombo chao alikuwemo fisi anayeongea, na nilikuwa nimenyamaza juu yake ili tumalize ndoto kwanza. "Mashine nakubali. Majua mawili nakubali. Mnyama anayeongea ndani ya chombo chenye mitambo, hapana. Chagua, uchawi au injini."

"Kwa nini nichague?"

"Kwa sababu ukichanganya, lolote linaweza kutokea, na mimi siogopi tena."

"Bibi yangu mzaa baba alinisimulia fisi wakiongea, na nilikuwa naogopa mpaka najikojolea. Mama, zimebaki dakika sita. Andika anachosema. Ukikichukia, kifute mwenyewe, simu unayo."

Bibi Magdalena akanisemesha kwa Kinyiramba neno ambalo sitaliandika hapa. Nikaandika.

Fisi alicheka, akakaa chini, akawatazama wale watu wanaohangaika na miche. Akasema: "Mnawauliza watoto njia, na wazee wamesimama hapo nyuma yenu."

Nahodha akageuka. Shamba zima la vichwa vikubwa, vyote vinatazama upande mmoja. Akanyanyua dumu, akaanza kutembea.

Nilisoma mara mbili. Kidole changu kilikuwa juu ya sehemu ya kufuta. Hakuna mtu mwingine kwenye ile hadithi ambaye angeweza kulisema lile neno. Nahodha angelisema, lingekuwa hotuba.

"Mama, dakika mbili."

"Jina lako umeandika juu?"

"Nimeandika."

Nikabonyeza tuma, na fisi akiwa ndani.