Kelele za Mabembea

Fomu ilinitaka nieleze, kwa maneno yasiyozidi mia moja, kwa nini napenda kufurahisha watu. Mimi sipendi kufurahisha watu. Nina hasira za karibu, na mama anasema nilitoka tumboni nimekunja ndita. Lakini chuo chetu cha utalii pale mjini hakina mchezo: bila miezi sita ya mafunzo kazini hakuna diploma, na hoteli zote nilizoomba ziliangalia kikaratasi changu cha ukimbizi, zikasema zitanipigia simu. Mpaka leo hazijapiga. Ilibaki ile bustani ya michezo yenye mabembea makubwa, ambayo kila mwaka huchukua wanafunzi wa vyuo. Basi nikaandika kwamba tangu utotoni ndoto yangu ni kuona watu wakitabasamu. Uongo mtupu, ila niliuandika vizuri.

Bustani yenyewe sisi tulikuwa tunaijua kwa masikio tu. Tunakaa mtaa wa La Rochelle, kusini mwa jiji, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, na upepo ukivuma kutoka magharibi, kelele za wanaorushwa juu na yale mabembea hufika mpaka uani kwetu. Wiki ya kwanza tulipotoka Kolwezi kukimbilia nchi hii, mimi nikiwa na miaka tisa, mama alizisikia Jumapili mchana. Akaacha kufua, akajifunga kitenge, akatia kitambaa kichwani, akaenda kumuuliza jirani msiba uko wapi. Kwetu ukisikia kilio hukai. Unaenda kwanza, jina la marehemu utalijua hukohuko. Kaka yangu mkubwa Exaucé, niliyemwita yaya kama tunavyowaita kwetu, ndiye aliyemkimbilia barabarani, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mama, hapana kilio! Batu banacheza. Banalipa feza kusudi bapige makelele."

"Banalipa?" Mama alisimama katikati ya njia na kitenge chake. "Kulia, banalipa?"

"Siku moja nitakupeleka. Na weye utalia."

Hakumpeleka. Kwanza alilinda magari ya watu, kisha akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala, kisha wakamwachisha. Huko Kolwezi alikuwa amechimba madini ya kobalti tangu akiwa na miaka kumi na tano, basi akarudia kazi aliyoijua. Mji huu umezungukwa na mashimo ya zamani, migodi ambayo makampuni yalichota dhahabu yake yakaondoka, na wapo watu wanaoshuka humo kwa kamba, bila ruhusa ya yeyote, kutafuta makombo. Wanaitwa zama zama. Exaucé na rafiki yake Thierry, aliyekuwa anakaa mtaa wa Jeppestown, walishuka mwaka juzi. Thierry alitoka. Alikuja kwetu amekonda, macho hayawezi mwanga, akasema mwamba uliporomoka yeye akiwa upande huu na Exaucé upande ule.

"Ulimuona amekufa?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Nilimusikia tu anaita."

"Basi mutu mwenye kuita eko muzima," mama akasema, akamfungulia mlango atoke.

Tangu siku hiyo hatukuweka kilio. Pasta Ignace alikuja mara mbili na wamama wa kanisa kumshauri mama amlilie mwanawe. Mama aliwapa chai, akawauliza mwili uko wapi. Wakanywa chai, wakaondoka. Kila mwezi akawa ananunua salio na kuliingiza kwenye namba ya Exaucé ili kampuni ya simu isije ikaikata na kumpa mtu mwingine. Watu wakaendelea kumwita Mama Exaucé, naye akaendelea kuitika. Na mimi nilikuwa nimechoka. Niseme kweli, nilikuwa namwonea wivu kila mtu aliyefiwa akazika. Nilitaka kumlilia kaka yangu mbele za watu, sufuria ziko motoni, wamama wanaimba, mtu ananishika mabega. Badala yake nilikuwa nalia bafuni, bomba limefunguliwa.

Kwenye fomu niliomba kuuza aiskrimu. Jibu lilikuja kwenye simu: njoo Jumatano kwa majaribio, kitengo cha mgodini. Bustani ile imejengwa juu ya mgodi uliokufa. Mbali na mabembea, wageni huvalishwa kofia ngumu na kushushwa kwa lifti chini ya ardhi, waone dhahabu ilivyokuwa inachimbwa, halafu wapandishwe wakale chipsi. Walinichagua kwa sababu naongea Kiingereza, Kizulu, Kifaransa na Kiswahili. Niliandika kuomba wanibadilishie. Wakajibu kwamba nafasi nyingine zote zimejaa.

Mama alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo, nilipomwambia. Hakuinua kichwa.

"Chini ya udongo?"

"Ni pa kutembeza bageni tu, mama. Kuko taa. Kuko lifti."

"Unataka kumuzika kaka yako."

"Mama, nataka diploma."

"Uko mukubwa, sitakuzuia." Aliendelea kuchambua, majani mabaya huku, mazuri kule. "Lakini siku utashuka mule, umemuzika. Ujue njo ile unafanya."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia siku tatu nzima, nikapika kwa kelele, nikafagia kwa kelele. Jumatano nikaamka nikapiga pasi blauzi yangu nyeupe, nikaenda.

Msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye buti za mgodini, Sis' Nomvula, yaani Dada Nomvula kwa lugha ya huku. Alituambia mapema kwamba maelezo ya dhahabu tutayakariri hata tukiwa tumelala, na kwamba yeye hayamnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni hesabu.

"Walioshuka ndio watakaopanda," alisema. "Unahesabu vichwa kwa sauti, ndipo unagonga kengele ya kuita lifti. Akikosekana mmoja, kengele haigongwi. Mgeni akasirike, atukane, alie, haigongwi."

Tulishuka kumi pamoja naye. Kila mmoja wetu alipewa zamu ya kuongoza. Yangu ilipofika nilieleza yale ya dhahabu, nikawaomba wazime taa za kofia zao ili waonje giza la wachimbaji, wakacheka gizani kama inavyotakiwa, tukawasha. Nikahesabu. Kumi. Nikashika kamba ya kengele, na mkono ukagoma. Nikahesabu tena. Kumi.

"Eish, dada, twende, kuna baridi," kijana mmoja akasema.

Nilihesabu mara ya tatu, polepole, nikimgusa kila mmoja begani. Kisha nikaenda hadi kwenye njia ya zamani iliyozibwa kwa nondo, nikamulika ndani. Kulikuwa na mawe na maji yanayodondoka. Nikarudi, nikavuta kamba.

Huko juu Sis' Nomvula aliniita pembeni, na mimi nikajua nimeshaharibu.

"Hawa wengine wanahesabu watu kama viazi," akasema. "Wewe umehesabu mara tatu, ukamulika mpaka kwenye shimo lililofungwa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka chini. Unaanza Jumamosi. Sharp, sawa?"

"Sharp," nikasema. Sikumwambia nilikuwa namtafuta nani.

Nyumbani nilimkuta mama kaketi kwenye ndoo, anamsuka binti wa jirani. Nilisema wamenichukua, nikasubiri aninunie. Akaniuliza walichonifundisha. Nikamweleza habari ya kuhesabu, kwa kifupi tu, maana sikuwa na hamu. Vidole vyake vikasimama kwenye nywele za yule binti.

"Banahesabu batu?"

"Kila safari, mama."

"Na akikosa mumoja?"

"Lifti haiitwi. Banabaki kule mpaka aonekane."

Alimaliza ule msuko mmoja, akafunga ncha yake kwa uzi. "Na kule kwa Exaucé," akasema, "nani alihesabu?"

Binti wa jirani aliinamisha kichwa, akajifanya anachezea simu.

"Utanipeleka Jumamosi," mama akasema.

Mfanyakazi mpya hupewa tiketi moja ya ndugu, kwa hiyo kuingia hakukuwa na taabu. Mama alivaa kitenge cha kanisani na viatu vyake vya kisigino kifupi, vile vya harusi za watu. Tulipopita chini ya bembea kubwa, ile treni inayopinduka hewani, watu wakapiga yowe juu ya vichwa vyetu. Mama akasimama, akawatazama miguu yao ikining'inia.

"Njo aba benye kulipa?"

"Njo aba, mama."

"Exaucé alisemaka kweli," akasema, akatabasamu kidogo. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo siku nyingi, na likanitia hofu.

Tulishuka kumi na wanne. Kulikuwa na familia moja yenye watoto wanne, vijana wawili wenye mapenzi yao, na wazee wa safari ya kanisa. Mama alikaa nyuma, kofia ngumu juu ya kitambaa chake, mkoba ameukumbatia. Nilieleza yale ya dhahabu. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nilijisikia mwenyewe. Kisha nikawaomba wazime taa.

Giza lile halifanani na la chumbani. Ukiinua mkono mpaka puani huuoni. Watoto wakacheka, mtu akaiga mzimu, wale vijana wakabusiana kwa sauti. Nilikuwa najiandaa kusema "washeni" nilipomsikia mama kutoka nyuma, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeniuliza kama chumvi imebaki.

"Arlène."

"Mama."

"Exaucé aliogopaka giza."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa analala na koroboi. Mafuta ikiisha, analia mpaka asubui."

Wageni waliacha kucheka. Nadhani walifikiri ni sehemu ya maonyesho.

"Mwaka na zaidi, Arlène? Mutoto wangu? Mu hii giza?"

Nilitaka kumwambia lolote, kwamba wapo waliokaa chini miezi na miezi wakatoka, kwamba Thierry alimsikia akiita. Sikumwambia. Nilimwacha mama yangu peke yake na lile swali, gizani, na yeye mwenyewe akalijibu. Niliisikia pumzi yake ikitoka yote, ndefu, kisha haikurudi kwa muda mpaka nikaogopa.

"Washa," akasema.

Tuliwasha. Mmoja wa wale wazee akaniuliza yule mama amesema nini. Nikamjibu kwamba ameomba taa.

Nikahesabu. Watoto walitaka kuguswa kichwani kila mmoja, nikawagusa. Mama alikuwa wa mwisho, amesimama kwenye zile nondo, amenipa mgongo, taa ya kofia yake inamulika mawe ya upande wa pili. Kumi na wanne. Nikashika kamba, na mkono ukagoma tena kama ulivyogoma Jumatano. Nikafungua mdomo nihesabu upya.

Mama akageuka. "Iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

"Benye kushuka na shiye, bote beko?"

"Bote beko."

"Basi piga kengele." Akaziacha zile nondo, akaja kusimama na wengine. "Yee amebaki. Piga, mama, usibakawishe batu."

Nilivuta kamba.

Lifti ilipofunguka jua lilitupiga usoni. Wageni wakanirudishia kofia, wakanishukuru, mmoja akanipa peremende. Mama alitembea mbele yangu mpaka kwenye uwanja wa saruji chini ya ile bembea kubwa. Pale akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni. Akafungua kitambaa kichwani, akaketi chini, miguu ameinyoosha, akaweka mikono kichwani.

"Exaucé eee! Mutoto wangu eee! Ulibaki na nani, mutoto wangu?"

Treni ikapita juu yetu wakati huohuo, watu wakapiga yowe. Kundi la pili lilikuwa limeshapanga mstari mlangoni kwangu, kofia kichwani, na Sis' Nomvula ananitafuta kwa macho. Nikavua kofia yangu. Nikaketi kando ya mama juu ya ile saruji ya moto, na mimi nikalia, kwa sauti yote niliyokuwa nimeifungia bafuni, nikimwita yaya Exaucé, yaya wangu, kama tunavyolia kwetu. Mama akanishika mabega.

Watu walipita na aiskrimu zao. Wengine walitutazama kidogo, kisha wakainua macho kutazama juu, kule kelele nyingine zilikotoka. Hakuna aliyesimama kuuliza msiba uko wapi.