Mlango wa Sakristia

Haraka ndiyo iliyomponza Wivine, mchoraji wa karakana ya vyuma. Msanifu alimtumia mchoro wa jukwaa la kwaya la parokia, na ulipofunguka katika programu ya karakana ulikuwa na namba tupu. Mita? Inchi? Haijulikani! Badala ya kumpigia msanifu simu, akafanya kama wanavyofanya wote pale karakanani Naviundu: akatafuta mlango mchoroni. Mlango una sentimita themanini, jamani, nani asiyejua? Akarekebisha mchoro mzima mpaka mlango ukafika themanini, akaupeleka ili vyuma vikatwe.

Jumamosi, Papa Kapya, fundi wa kuchomelea, akaja akicheka.

"Wivine, bile byuma byako byote bilikuwa bifupi! Lakini usiogope, tuliunganisha bipande katikati. Jukwaa iko juu, imesimama kanisani."

Katikati ya boriti, pale panapolemewa zaidi! Wivine akakimbilia kompyuta. Akafungua mchoro wa msanifu, akautazama ule mlango vizuri. Masikini wee, ulikuwa wa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, ule mpana wa kupitishia majeneza. Mita nzima. Basi kila chuma kilichaguliwa na kukatwa kikiwa kimepungua moja ya tano, urefu na unene. Na saa hiyo hiyo kwaya ilikuwa inapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, ikiongozwa na mama yake mzazi.

Akadandia pikipiki mbio hadi parokiani. Alipoingia kanisani akawakuta wote juu, wanaimba na kuyumba kwa mpigo mmoja. Alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo kwa kiganja. Wakishtuka watakimbia, na wakikimbia wamekwisha.

Wimbo ulipokatika akasema taratibu, "Bamama, bapapa, mushuke. Moja moja. Musikimbie, tafadhali."

Wakashuka wakinung'unika. Mama yake alibaki, ameegemea ukingo, mgumu kama kawaida yake.

"Mutoto yangu mwenyewe ndiye alichora hii. Nishuke sababu ya nini?"

Chuma kikalia chini ya miguu yake. Wivine aliona aibu, kwa maana kwaya yote ilikuwa inasikiliza, lakini akamnyooshea mama yake mkono.

"Mama, nilikosea. Bipimo nilibahatisha. Itaanguka."

Mama akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akavua viatu, akashuka ngazi polepole, na mkono alionyooshewa na bintiye hakuushika.