Mstari wa Tatu

Watu thelathini na wanane walikuwa wamekubaliana kwamba mstari wa tatu una kasoro. Aliyebisha alikuwa Kashindye peke yake.

Grupu lenyewe lilianzishwa na Mwalimu Damari, aliyefundisha usanifu wa picha Mbeya siku tatu za mwanzo wa wiki, kisha akapanda basi kwenda kufundisha somo lile lile Iringa. Alipochoka kurudia maneno, aliwatia wanafunzi wa miji yote miwili kwenye WhatsApp moja, akaweka sheria: ukitupia kazi yako humu, wenzako waikosoe, na anayekosoa asaidie kurekebisha. Kukosoa na kuondoka, alisema, ni umbea tu.

Wiki ile waliambiwa wachore nembo itokanayo na kitu cha kwao. Asukile wa Tukuyu akachora mkungu wa ndizi, kama kila mtu alivyotegemea. Kashindye, binti wa wafugaji wa Usangu, akachora chapa ya ng'ombe wa baba yake: nusu duara, na chini yake mistari mitatu iliyosimama. Miwili mirefu, wa tatu mfupi, ncha yake imepinda kidogo.

"Dada, huo wa tatu urefushe, unatia kilema," Asukile akaandika.

"Unyooke pia. Hapo balansi hamna," akadakia mwingine, na wengine wakaunga mkono kwa vidole gumba.

Kashindye akawajibu kwamba ndivyo chapa yao ilivyo. Kaka yake Budeba, zamani za utoto, aliangusha chuma cha kuchomea juu ya jiwe, jino moja likakatika na ncha iliyobaki ikapinda. Baba alimcharaza fimbo siku hiyo, halafu akaendelea kutumia chuma kile kile, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Alipomaliza kuandika akajuta. Jina la Budeba kwao halikuwa likitajwa tena. Miaka minne nyuma ng'ombe saba walipotea yeye akiwa kwenye zamu ya malisho. Baba mdogo Mathew alikuwa wa kwanza kusema kijana kawauza apate mtaji wa kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi. Wazee wakaketi. Kashindye, wakati huo ana miaka kumi na saba, akaulizwa kama alisikia lolote, naye akasema alichokisikia: kaka yake akiongea na mtu kwenye simu habari za Makongolosi. Hakuongeza neno, hata kwamba habari za ng'ombe hakuzisikia. Lakini nusu ya ukweli ikisemwa mbele ya watu wenye hasira hutosha kabisa. Baba alimfukuza mwanawe na kumwapiza. Baba mdogo Mathew akawafuta machozi, na kwa wema wake, kama walivyouita, akachukua jukumu la kumlipia Kashindye ada ya chuo.

Jumanne asubuhi, baridi ya Juni imewabana darasani Mbeya mpaka wanashika kipanya na mikono ndani ya sweta, simu ya Kashindye ikatikisika. Ni Justine wa Iringa, aliyepangwa naye kwenye kazi za darasa. Hawakuwahi kuonana, ila kwa miezi minne Justine alikuwa akimfundisha kwa ujumbe wa sauti namna ya kuvuta mkunjo wa mstari kwenye kompyuta usikatike, kwa subira ya ajabu.

"Jamani mwacheni Kashindye wa watu," Justine aliandika kwenye grupu. "Kumbe hapa kwetu yupo ng'ombe ana alama hiyo hiyo, mpaka kimstari kifupi. Siyo kosa, ndiyo staili."

Chini yake ikaja picha: paja la ng'ombe jike mwekundu, na juu ya ngozi kovu la zamani.

Grupu likalipuka kwa vicheko. Justine mtetezi! Justine posa tunaileta lini? Kashindye hakucheka. Aliivuta picha ikajaa kioo kizima. Nusu duara. Mmoja mrefu, wa pili mrefu, wa tatu mfupi wenye ncha iliyopinda. Masikio yakamziba. Aliona midomo ya wenzake ikicheza asisikie neno. Duniani kulikuwa na chuma kimoja tu chenye jino lile, nacho kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la nyumba yao.

Akatoka nje, akamwandikia Justine pembeni. "Huyo ng'ombe mmemtoa wapi?"

"Baba alinunua huko kwenu Usangu, anafanya biashara ya mifugo. Walikuwa saba, akabakisha huyu, mzazi mzuri. Vipi, nimekosea?"

"Alinunua kwa nani?"

"Ngoja. Baba anatunza vibali vyote, anaogopa kesi."

Robo saa nzima Kashindye alisimama kando ya ukuta wa darasa akiitazama simu. Kisha ikaja picha ya karatasi: kibali cha kusafirisha mifugo, ng'ombe saba, mwaka ule ule, mwezi ule ule. Kwenye nafasi ya muuzaji palikuwa na jina, na chini yake sahihi, herufi M yenye mkia mrefu. Aliijua. Aliiona kila muhula kwenye fomu zake za ada.

Akasoma tena, labda macho yanamdanganya. Hayakumdanganya. Baba mdogo! Aliyelia kuliko wote, aliyezunguka porini siku tatu akitafuta nyayo! Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Huyu wa kwao alijipatia miaka minne, na kila Krismasi alipewa nyama ya nundu kwa heshima. Akafikisha hesabu mwisho: darasa lile, kalamu ile ya kompyuta, hata huo mkunjo aliojifunza kuuvuta, vyote vilitokana na ng'ombe wale.

"Kashi, mbona umenyamaza? Nimekuharibia? Nifute picha?" Justine akauliza.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba uamuzi uko mikononi mwake. Angesema futa, ingefutika. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi miwili, na ada yake bado haijalipwa. Budeba kazoea kuitwa mwizi. Wazo hilo lilimpitia, nalo likamtisha kuliko picha yenyewe.

"Usifute," akaandika, akampigia baba yake.

"Baba, shikamoo. Kaa chini kwanza."

"Marahaba. Nimekaa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeona ng'ombe wetu. Yuko Iringa."

"Ng'ombe wa chapa yetu wako wengi, mwanangu. Ukoo wote..."

"Mstari wa tatu ni mfupi, baba. Na ncha imepinda."

Akasikia kuku wa nyumbani kwao, na mama akipepeta mchele. Akamweleza yote, kibali, mwezi, mpaka jina. Hakuwahi kumsikia baba yake akipumua vile, pumzi za mtu aliyebeba gunia mlimani.

"Sahihi umeiona wewe mwenyewe?" baba akauliza.

"Kwa macho yangu. Ni ile ya kwenye ada."

"Kijana yule nilimpiga kwa kuvunja kile chuma," baba akasema taratibu. "Na leo hicho ndicho kinamtetea. Mimi babake sikumtetea. Mpigie. Mwambie... Hata namba yake sina."

Upande wa pili kupepeta kukakoma. Kisha mama, bila kuulizwa na mtu, akaitaja namba ya Budeba, tarakimu zote kumi, haraka kama jina lake mwenyewe.

Baba na binti wakapigwa butwaa pamoja. Miaka minne katika nyumba ambayo jina lile lilikatazwa, na mama anayo kichwani!

"Andika," mama akasema. "Huwa anapumzika saa hizi."

Kashindye aliiandika kiganjani. Akaipiga papo hapo. Simu ikaita mara tatu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameandaa maneno ya chapa, ya kibali, ya baba mdogo. Yote yakamtoka kichwani.

"Ni Kashindye," akasema. "Yule aliyesema alikusikia."

Mashine za kusagia mawe zilikuwa zikinguruma upande wa pili. Kisha zikasikika kwa mbali: Budeba hakuikata simu, alikuwa akisogea pembeni ili amsikie.